Fremu ya Bibi Mwanasha

Siku hizo picha zote za zamani zilikaa kwenye fremu za serikali, zilizofuta zenyewe kila lililohesabiwa kuwa uchochezi. Tatu alikuwa na picha moja tu ya bibi yake, mpishi wa mkahawa, akigoma na wenzake barabarani, bango mkononi. Jumatatu bango likageuka sinia la sambusa. Jumatano wagomaji wakawa wateja kwenye foleni.

"Lakini amependeza," mumewe alisema. "Sasa anatabasamu."

"Siku ile bibi hakutabasamu, Athmani! Walikuwa wamefukuzwa kazi wote!"

Kwa hasira Tatu alichukua penseli aichore picha kama ilivyokuwa. Akamchora bibi, akachora bango. Kisha penseli ikasimama, kwani maneno yaliyoandikwa pale hakuyakumbuka tena.