Koti Jekundu la Annonciata

Annonciata alikuwa analowa chapachapa, na koti jipya la mvua liko kwapani. Alilikunja nje ndani ili rangi yake isionekane, akakaza mwendo kupita maduka ya Kashaulili huku maji yakimtiririka shingoni. Waliojibanza barazani walidhani amerukwa na akili. Waache wadhani. Alikuwa anamrudishia fundi Makarius koti lake, na leo angemwambia usoni.

Makarius alikuwa mchoraji. Alishona makoti ya turubai, kisha akayagonga chapa kwa mihuri aliyochonga kwenye raba za tairi: viboko wa bluu, mistari ya pundamilia, majani ya mgomba mapana kama ya kweli. Masika ile ya mwaka tisini na sita, Mpanda nzima ilikuwa imevaa kazi yake. Masharti nayo alikuwa nayo, kama mafundi wote. Makopo yake ya rangi usiyasogeze hata kidogo, utagombezwa. Na chapa ya mtu mmoja hakuigonga kwenye koti la mwingine, hata umbembeleze kutwa.

La Annonciata lilikuwa la mananasi ya njano. Alilinunua alipohamia mjini kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, baada ya mumewe kurudi Burundi kutazama shamba la baba yake na asisikike tena. Hakuwa na mtoto ambaye kwa jina lake watu wangemwita mama fulani. Sokoni, alikouza dagaa wa Ikola, alikuwa "yule mama wa Katumba", na siku nyingine jua lilizama hajaitwa chochote. Makarius peke yake ndiye aliyelijua jina lake. Mvua ikinyesha, hata akiwa ng'ambo ya barabara, alipaza sauti: "Annonciata, umeshindaje?" Basi siku hiyo hata dagaa walionekana kuuzika.

Kiangazi mtu huyohuyo alimpita kama anapita nguzo ya simu.

"Usimjali," wenzake walimwambia. "Fundi ana majivuno ya msimu."

Annonciata alijali. Alijali sana, hata akawa anaombea mawingu.

Pale sokoni koti halikuwa la mtu mmoja. Anayetoka kwenda mvuani huvaa la anayebaki kibandani, na kumnyima mwenzako ni uchoyo mbaya. Annonciata hakumnyima mtu kamwe. Aliyeazima koti lazima alirudishe, na akilirudisha lazima aseme neno moja mawili. Hayo maneno mawili ndiyo aliyokuwa akiyasubiri.

Siku moja aliyeliazima alikuwa Nyanzala, muuza mchele wa kutoka Majimoto. Hakufika mbali. Makarius alimkuta katikati ya barabara, akamsogelea, akamwinamia na kumwambia jambo taratibu. Annonciata alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, amejifunika gunia kichwani. Fundi hakumtupia hata jicho. Nyanzala akaangua kicheko chake kikubwa. Makarius alishtuka, akaondoka mbiombio.

"Eti ananiuliza Jumapili nitakuwepo nyumbani, aje tunywe chai," Nyanzala alisimulia akitundika koti. "Na mume wangu tumuweke wapi?"

Annonciata alicheka pamoja na wenzake. Kisha akainamia dagaa wake akawa anachambua hata waliokwisha kuchambuliwa, maana machozi yalikuwa karibu.

Wiki moja baadaye akaja Ponsian, fundi baiskeli aliyepanga chumba jirani na Makarius, na kifurushi mkononi.

"Fundi kasema hili ni zawadi yako," alisema. "Ila kasema usimwazime mtu."

Lilikuwa koti jekundu, jekundu la pilipili kuanzia kola mpaka pindo. Wanawake wakajivuta nyuma. Mpanda nani asiyejua kwamba radi inafuata nyekundu? Hata kanga yenye rangi hiyo huanuliwa wingu likianza kutanda.

"Usimwazime mtu," Nyanzala alirudia. "Kwani nani atakuja kuazima radi? Dada yangu, huyu mtu anakutakia nini?"

"Si mnaona nyie," mwingine akadakia. "Kilichokataliwa na wenyeji ndicho anapewa mgeni."

Wakacheka tena. Safari hii Annonciata hakuweza. Miaka yote hii alikuwa amejidanganya kwamba katika mji huu kuna mtu mmoja anayefurahi kumwona, na sasa mtu huyo mmoja alimchezea mbele ya soko zima.

Alipofika kibandani kwa fundi, mvua ilikuwa inapiga bati hata mtu asisikie kikohozi chake mwenyewe. Makarius aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Karibu, mama," alisema kwa sauti ya juu, kama anavyomkaribisha mteja yeyote. "Keti hapo, namalizia."

Leo hata jina hakuna. Maneno yote aliyoyapanga njiani akaona hayana maana tena. Alilitupa koti mezani, likafunguka.

Makarius akaona jekundu, akaweka muhuri chini. Alilipapasa kola, akalipapasa pindo.

"Hili ni la Annonciata," alisema. "Hata hili ameliazimisha? Nilichagua nyekundu makusudi, mama. Nilijua Mpanda nzima hakuna mwingine atakayethubutu kuliazima."

Akainua uso, akamtazama Annonciata machoni.

"Mwaka wa tatu huu sura za watu sizioni, naona rangi tu. Sasa nikitaka kwenda kwake, nitamjuaje?"