Pete ya Mshumaa

Nyamizi alinong'ona, "Mungu nisaidie," akaweka kitako kinene cha glasi mbele ya mshumaa. Mwali ukapinda, ukawa pete.

"Hivyo ndivyo nuru ya mbali inavyopinda ikipita kando ya galaksi nzito, kundi kubwa la nyota lenye umbo la yai," mwalimu alimwambia yeye na wanafunzi wenzake wa darasa la jioni. "Maada ya giza iliyomo hatuioni. Tunaijua kwa kupima kilichopinda."

Mlango ukapigwa teke. Masanja, mume wa Nyamizi, aliingia na mkanda mkononi.

"Wajukuu hawajala, bibi yao anasomea giza!"

Mkanda ulimpasua Nyamizi shavu. Glasi ikavunjika sakafuni. Wanafunzi, watu wazima wote, walirudi hadi ukutani, mabega yamepinda, wakamzunguka Masanja bila hata mmoja kumkaribia. Nyamizi aliwatazama, akauona kwao mgongo wake mwenyewe, jinsi ulivyojikunja miaka yote kila mtu huyu alipopita.

"Inuka, twende!"

"Nimeelewa, mwalimu," alisema Nyamizi.

Akaokota kipande cha kitako, damu ikimtiririka vidoleni, akakirudisha mbele ya mshumaa. Nusu ya pete ikawaka. Mkanda ukapanda tena, na Nyamizi, midomo ikicheza kwa sala, akanyoosha mgongo.