Sauti ya Harusi

Siku hizi marehemu huachiwa video moja tu. Jamaa huunganisha vipande vya maisha yake, na vikishaungana, vile vya asili hujifuta. Ndiyo sheria.

Biubwa alikaa kwenye kompyuta kuunganisha vya mumewe, Makame. Kimoja alikirekodi kwa siri jikoni. Kilimwonyesha yeye akilia ukutani, na Makame kwa mgongo, akimfokea hadi vyombo vikatikisika. Alikitunza miaka yote, akiapa kwamba siku moja watu watasikia.

"Harusi ndiyo hutangulia," wifi yake Mize alimwamrisha. "Ndiyo ada."

Ada ya nani, Mungu ajua. Biubwa akaitanguliza. Kompyuta ikagoma: sauti za mafaili hazilingani. Akabonyeza "Rekebisha", asijue kuwa sauti ya faili la kwanza ndiyo inayofuatwa na mafaili mengine yote.

Siku ya arobaini sebule ilifurika watu waliokuja kuitazama video. Ilipofika picha ya jikoni, Biubwa alijikaza.

"Njoo hapa," alisema Makame, kwa sauti laini ya bwana harusi. "Unaniogopa nini? Njoo."

Wanawake wakaguna kwa huruma.

"Unaona, wifi?" Mize alisema huku akifuta machozi. "Kaka yangu anakubembeleza, na wewe unalia tu."

Kile cha asili kilikwisha kufutika, na maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo Biubwa alisimama, akafumbua kinywa awaeleze.

"Nyamaza, Biubwa," Makame alimwambia kutoka kwenye skrini, kwa upole mno.

Na wote wakamgeukia, wakingoja atii.