Wake Wenza

"Haijasambaa, mama! Ni saratani mbili, kila moja imezaliwa kivyake," Zuwena alirudia, akifunga zipu ya begi la hospitali. "Ya titi na ya utumbo. Wataanza na ya titi."

"Wake wenza hao," mama yake alijibu kutoka kitandani. "Ukimfukuza mmoja, mwenzake ananenepa."

"Mama, acha mzaha."

"Daktari hakukuambia mwili huu hauhimili dawa za zote mbili?"

Ndivyo Zuwena alivyoambiwa.

"Basi sina safari. Kaniitie Tausi aje aniogeshe."

"Mke mwenzio? Uliyemnunia tangu nikiwa mtoto? Na mimi bintiyo nipo!"

"Wewe unaniogesha huku unalia, maji yanapoa. Yule hatanililia."

Zuwena alilitazama begi. Kisha akalifungua, akarudisha kanga sandukuni, akabaki na sabuni mkononi. Akavuka uwanja hadi mlango ambao hakuwahi kuugonga.

"Hodi, mama mdogo."

Tausi alifungua. Aliiona sabuni, asiulize kitu. Alikunja mikono ya gauni lake, akasimama palepale mlangoni mpaka machozi yakamkauka, ndipo akavuka uwanja.