Tairi ya Mwenyekiti

Gordon alichuchumaa katikati ya steji ya Rodi Kopany, akabonyeza tairi ya pikipiki ya mwenzake kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Hewa kidogo. Ndiyo maana inalika kandokando. Wewe unalaumu barabara, na barabara haijakukosea."

Wenzake wakacheka. Gordon alikuwa mwenyekiti wao wa bodaboda, na kila Jumatatu aliwapa somo lile lile. Pima hewa asubuhi, tairi ikiwa bado baridi. Hewa ikizidi, inalika katikati. Usipakie abiria watatu na gunia la mahindi juu. Usikanyage breki kama mtu aliyeona chui. Ukitoka Macalder, toa vile vijiwe kwenye mifereji ya tairi kabla havijazama.

Ng'ambo ya barabara, Cephas alisikia kila neno akiwa mlangoni mwa duka lake. Cephas aliuza tairi za pikipiki. Hakuuza kitu kingine.

Na tusidanganyane: watu wakifundishwa kutunza tairi, muuza tairi atakula nini? Zamani tairi ya nyuma iliisha kabla mwenyewe hajaizoea. Siku hizi vijana walienda nayo Karungu na kurudi mwaka mzima, huku wakimsifu mwenyekiti. Bathsheba, mwenye jengo, alikuwa ameshakuja na mwanamke wa saluni kupima kuta.

"Chumba changu si cha kufugia buibui," alimwambia Cephas mbele ya huyo mgeni. "Mwezi ukiisha na hakuna wateja, unatoka."

Atoke aende wapi? Shamba hakuwa nalo. Duka lile ndilo lilikuwa maisha yake yote.

Mara ya mwisho aliokolewa na kifo cha Obare.

Obare aligongwa na lori la miwa. Na huku kwetu mtu wa boda akifa, wenzake hawamsindikizi kimya. Wanafanya tero buru, ile desturi ya Wajaluo ya kufukuza mauti bomani. Wazee walitumia ng'ombe na mikuki. Vijana wanatumia pikipiki. Mtu anashika breki ya mbele, anapiga resi, gurudumu la nyuma linazunguka pale pale mpaka moshi unafunika jeneza. Tairi ya mwaka mzima inaisha kabla mchungaji hajafika amina. Walipomaliza kumzika Obare walirudi tairi zikiwa nyuzi nje, wengine wakisukuma, na jioni hiyo rafu za Cephas zilibaki tupu. Hata Bathsheba alimletea chai.

Halafu Gordon akaharibu mambo.

"Obare ameacha watoto, na sisi tumemchomea mpira," aliwaambia mkutanoni. "Mimi nikiwa hai, hakuna mtu wa boda atachoma tairi matangani tena. Anayetaka kulia, alie na macho."

Wakakubali. Wangewezaje kumkatalia? Huyu ndiye aliyewakimbiza mama zao hospitalini bila kuuliza nauli. Kutoka Homa Bay mpaka Migori hapakuwa na steji isiyompenda. Alipozikwa mwenzao mwingine, Orina, pikipiki zilipita polepole kama zimebeba maaskofu. Cephas alisimama kando ya kaburi akalia kuliko mjane, watu wakamsifu kwa huruma yake.

Basi Jumatatu hiyo, somo lilipokwisha, Cephas akaita, "Mwenyekiti, si uvuke kidogo."

Alikuwa amemtengea kiti na soda baridi. Juu ya meza palikuwa na tairi ya mbele, bado ina vile vinywele vyake vya kiwandani.

"Chukua. Ni yako, bure."

Gordon akacheka. "Omera, unanihonga?"

"Wewe ndiye tangazo langu. Wakikuona umevaa tairi yangu, watakuja."

"Hawatakuja mpaka zao ziishe. Na mimi ndiye nimezizuia kuisha." Gordon akainamisha macho, haya zimemshika. "Nimekuumiza, ndugu yangu. Nilikuwa nafikiria watoto wa watu, sikukufikiria wewe. Nisamehe."

"Hayo yamepita."

"Lakini si ungenipa ya nyuma? Ya nyuma ndiyo inabeba mzigo, ndiyo inalika haraka."

"Ya nyuma ikikushinda, utasukuma tu ufike," Cephas akasema. "Ya mbele ndiyo imeshika roho yako."

"Leo mwalimu ni wewe."

Gordon akakaa na soda yake. Cephas alifungua gurudumu la mbele la pikipiki yake, akaingia nalo ndani, akafanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo, na Gordon alipotaka kumsaidia alimwambia mgeni hafanyishwi kazi. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Alipolirudisha gurudumu, Gordon alilibonyeza kwa gumba, akaridhika. Hewa ilikuwa sawasawa.

"Unaelekea wapi sasa?"

"Nateremka Homa Bay, kuna mama wa kanisa letu ametoka wodini. Nimchukue."

"Basi kwenye mteremko uiachilie kidogo, usikie vile inashika lami."

Wakashikana mikono. Gordon akamwombea Mungu amzidishie, akapanda. Vijana wa steji walipoona tairi mpya walimpigia honi, naye akainua mkono akawapita.

Cephas alibaki mlangoni mpaka mwenyekiti akapotelea kwenye kona. Kisha akampigia simu Mniko, mtu wa Migori anayemletea mzigo.

"Niletee tairi za nyuma. Mara tatu ya zile za Obare. Watakuja wa steji zote, mpaka wa huko kwenu."

"Ai, pole sana, ndugu," Mniko akasema. "Nani amekufa tena?"

Cephas akaitazama ile kona.

"Bado," akasema.