Uongozi Unakushukuru

Enoka alifika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia dagaa, jua likiwa limeshapanda, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikononi. Mtu anakuja kuomba kibarua cha kuanika dagaa, amevaa kama anakwenda kubatiza mtoto. Vibarua wakatazamana, wakainama haraka kuficha meno.

Jeska, mwenye dagaa wote walioanikwa juu ya majabali yale, aliitupia jicho kola ya shati. Pasi ilikuwa imekaa vizuri. Akarudi kuchambua dagaa wake.

"Umechelewa," alisema bila kuinua kichwa. "Hapa tunaanzaga kazi alfajiri."

"Nilikuwa nasubiri chai."

"Ikaja?"

"Haikuja."

Mwanamke mmoja akajifanya anakohoa.

Miaka mitatu nyuma mambo yalikuwa kinyume. Wakati ule Jeska alikuwa anafunga sabuni kwenye kiwanda kimoja mjini Musoma, na Enoka ndiye alikuwa afisa utumishi, mwenye feni na kiti cha kuzunguka. Serikali ilikuwa imechoka kubeba viwanda vya hasara, na amri ikaja kwamba wafanyakazi wapunguzwe. Wa kwanza kuitwa ofisini akawa Jeska. Alisimamishwa mlangoni asubuhi nzima, na benchi lipo. Alipoingia, Enoka aliongea huku anatazama meza.

"Bibi Jeska, uongozi unakushukuru kwa utumishi wako."

"Kwa nini mimi? Mbona kuna walioingia juzi tu?"

"Nikikubakiza wewe watasema nabeba watu wangu."

"Basi niambie huku unaniangalia."

Hakumwangalia. Aliita anayefuata.

Hilo ndilo lililomchoma. Kazi kuisha, sawa, inaisha, lakini mtu unafukuzwa kama kuku jikoni? Alirudi nyumbani mchana, akapika huku machozi yanamtoka. Jioni mumewe aliporudi kutoka kazini akakuta ugali uko tayari. Jeska akampigia goti kama kawaida, akamnawisha mikono. Mume hakuyatazama yale macho yaliyovimba. Aliuliza jambo moja tu: "Mbona leo umewahi kurudi?"

Jeska akamsogezea ugali. Alilimeza hilo swali, likakaa tumboni.

Haikupita muda akashuka ziwani. Wenzake walikuwa wanaanika dagaa mchangani, yeye akasugua majabali kwa brashi na sabuni, akaanika juu yake. Dagaa wake hawakuwa na mchanga hata chembe. Soko lilikuwa limefunguliwa, ruksa kila mtu kumuuzia amtakaye, na malori ya Bunda yakaanza kuwapita wengine yakimuulizia yeye. Sasa alikuwa na vibarua wake na mitumbwi kule Murangi. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na mwenyewe mpya alikuja na afisa utumishi wake. Enoka alizunguka ofisi zote za Musoma, akaenda mpaka Butiama, kote anaambiwa arudi kesho.

"Mimi nilifikiria nafasi ya usimamizi," alisema sasa. "Uzoefu ninao."

"Msimamizi ni mimi. Geuza dagaa."

Akageuza. Mwalo mzima hakuna aliyewahi kumwona mwanaume akigeuza dagaa. Ile ni kazi ya wanawake tangu na tangu. Wavuvi walipita makusudi. Mmoja akamwamkia, "Shikamoo, afisa," akaenda zake akitikisika mabega. Jasho likalowesha shati, magamba yakaganda kwenye kola.

"Bosi, mwonee huruma," alinong'ona Dafroza, kibarua wa siku nyingi. "Hasira kama hizi si za kuleta kazini."

"Zilianzia kazini," Jeska akamjibu.

Jua lilipofika utosini, Jeska akasimama juu ya jabali, mahali ambapo kila mtu angesikia.

"Bwana Enoka."

Enoka akaja anajifuta mikono, uso umechangamka kidogo. Huenda alidhani ndiyo anapewa usimamizi.

Jeska alikuwa amelisubiri neno hili miaka yote ile, analirudia kila akisugua mawe. Sasa alilitoa taratibu, akitazama ziwa.

"Uongozi unakushukuru kwa utumishi wako."

"Lakini hata siku haijaisha."

"Nikikubakiza wewe watasema nabeba watu wangu."

Enoka akasogea karibu. "Jeska. Niangalie basi."

Jeska aliinama, akaendelea kuchambua. Enoka akashika njia ya kupandia mjini peke yake, na wavuvi wakampisha. Raha Jeska aliisikia, tusidanganyane, raha yenyewe hasa.

Jioni alifunga magunia, akawalipa vibarua, akarudi nyumbani kupika ugali na dagaa walewale. Akaandaa meza. Akachukua birika na beseni, akapiga goti kama kawaida, akammiminia mumewe maji. Mume, magamba bado yameganda kwenye kola, alinawa, akarudia tena kwa sabuni, na bado harufu ya dagaa ikakataa kutoka.

"Baba Penina," Jeska alimuuliza, "mbona leo umewahi kurudi?"