Mwiba Uliofumbua Jicho

Kale, wanyama walipokuwa na bunge lao, mahindi ya wizi yalivushwa mto, yakachanganywa na mavuno ya ng'ambo, kisha yakarudi sokoni kama bidhaa halali. Wenye mashamba wakanunua jasho lao wenyewe.

Spika Kanga akachoka. Ukaletwa mswada: atakayejichanganya na wezi ili awafichue, asihesabiwe mwizi.

Nungunungu akasimama, na miiba yake ikasimama pia. "Mheshimiwa Spika, sheria ya babu zetu iko wazi. Aliyefuatana na mwizi ni mwizi!"

Kura zikapigwa. Mswada ukapita kwa kura moja, ya Konokono, aliyefika wakati milango inafungwa.

Nungunungu akacheka. "Haya, umepita. Mtafuteni basi huyo jasiri wa kuvuka mto na wezi!"

"Umepita kweli?" kisauti kikauliza.

Kilitoka mgongoni mwake. Kanga akakodoa macho. Katikati ya miiba myeusi na myeupe, mwiba mmoja ulifumbua jicho, na jicho likazunguka polepole. Alikuwa Kinyonga, mistari mwili mzima, amekonda kama ufito.

"Nimo humu tangu masika, Mheshimiwa. Jana ningesema, mngeninyonga pamoja naye. Sasa andika: huyu amevusha mahindi mara kumi na saba, na zote nilikuwepo."

Kanga akaandika, huku akistaajabu. Masika nzima kati ya ncha zile, bila kukohoa!

Nungunungu akageuza shingo kujitazama mgongoni, na kwa mara ya kwanza akaiogopa miiba yake mwenyewe.